Ukuta Unaoliwa kwa Chini: Tafuta Maji Kabla ya Kununua Saruji

Simu za mwezi wa tano zinafanana. "Fundi, njoo na mfuko mmoja wa saruji, lipu ya sebuleni imebanduka tena." Hilo neno "tena" ndilo linalonifanya niuache mfuko dukani, niende na msumari wa inchi nne, tochi, timazi na tepu. Lipu iliyobanduka mara ya pili palepale haina kosa. Kuna maji yanaingia ukutani, na saruji mpya itayafunika msimu mmoja au miwili, kisha nayo ianguke.

Kazi zangu nyingi ni Kigoma mjini na Ujiji, kwenye nyumba walizojenga wazee na sasa zimebaki mikononi mwa watoto na wajukuu. Nitaeleza magonjwa kama ninavyoyakuta, nikianza na lile linalokula nyumba nyingi kuliko mengine yote.

Kwanza jua ukuta wako umejengwa kwa nini

Usiamini lipu. Nyumba inaonekana ya saruji kutoka barabarani, kumbe ndani ni tofali la kuchoma lililopangwa kwa udongo mwekundu, au tofali bichi kabisa. Nenda nyuma ya nyumba, mahali lipu imeshaachia, uchokonoe jointi, yaani mshono kati ya tofali na tofali, kwa msumari. Msumari ukizama na kutoa vumbi jekundu, hiyo jointi ni udongo. Ukitoa unga mweupe laini, ni chokaa. Ukiteleza na kuacha mstari wa kijivu, ni saruji.

Kisha likwaruze tofali lenyewe. Tofali lililoiva kwenye tanuri hulia likigongwa. Lile lililokaa pembeni ya tanuri halikuiva, lina rangi ya chungwa iliyopauka, na ukilitia kwenye ndoo ya maji usiku kucha asubuhi unakuta limelegea au limekuwa tope. Ukuta mmoja huwa na ya aina zote mbili, kwa sababu wazee walilipia tanuri zima, hawakutupa hata moja.

Majibu haya ndiyo yatakayoamua dawa. Ukuta wa udongo na tofali laini unahitaji kupumua. Ukuta wa bloku na saruji unavumilia zaidi.

Lipu ya chini inabanduka, chumvi nyeupe inatoka, tofali linachimbika kwa kidole

Nilipokuwa kijana mwenye haraka niliifanyia kazi nyumba ya shangazi yangu Ujiji. Ukuta wa chumba chake ulikuwa umelowa hadi usawa wa goti. Nikabandua lipu ya zamani, nikapiga mpya ya ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga, nikailainisha kwa nili, yaani uji wa saruji tupu, mpaka ikang'aa. Nikajisifu. Masika ya pili yalipokwisha, unyevu ulikuwa umefika chini ya dirisha. Nilipochomeka mwiko kwenye mwanya, kipande chenye ukubwa wa mkeka wa kuswalia kikaja chote kwa pamoja. Mgongoni mwake kulikuwa na alama za kila tofali na unga mweupe kama wa muhogo. Tofali zenyewe zilikuwa zimeliwa kina cha vidole viwili. Shangazi alinitazama tu, akasema, "Mwanangu, bora ungeiacha."

Nilichokuwa sijakielewa ni hiki. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Yakikuta njia ya kutokea hukauka karibu na chini, ukuta ukabaki na mstari wa unyevu usiopanda sana. Mimi niliziba njia hiyo kwa lipu ngumu pande zote mbili, maji yakaendelea kupanda kutafuta pa kutokea. Na yanapokauka huacha chumvi iliyotoka kwenye udongo, kwenye shimo la choo, hata kwenye saruji yenyewe. Chumvi ikiganda ndani ya vitundu vya tofali hutanuka, ikisukuma uso wa tofali na lipu kwa nje. Kwa hiyo chumvi ni shahidi. Mwenye kosa ni maji.

Sasa maji gani? Hapa ndipo pa kutumia muda.

Kama ubovu uko upande wa nje peke yake, umeishia usawa wa goti, na ukuta una madoa mekundu ya tope, hayo ni maji ya bati yanayodondoka chini na kuruka. Fanya hesabu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba likipata mvua ya milimita 30 ya mchana mmoja, linamwaga lita 1,800, sawa na madebe 90, yote yakianguka kwenye mstari mmoja kando ya ukuta. Weka gata. Kama fedha haijapatikana, mwaga kokoto upana wa nusu mita kwenye mstari wa matone, maji yakianguka yasirushe tope.

Kama unyevu uko pande zote mbili, ndani na nje, umechora mstari ulionyooka kiasi, na haukauki hata mwezi wa nane, hayo yanapanda kutoka ardhini. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa juu ya msingi nailoni ya kuzuia maji yasipande. Lakini usikimbilie kulaumu nailoni. Toka nje, upime usawa wa ardhi kwa pima maji. Kigoma ni mji wa miteremko. Kila masika udongo mwekundu wa kiwanja cha juu unashuka na kutua nyuma ya nyumba ya chini. Mwaka hadi mwaka, ukichanganya na takataka za kufagia na kifusi cha ujenzi, ardhi ya nje inapita usawa wa sakafu. Nimeingia nyumba ambayo ukutani nje nilihesabu kozi nne, yaani mistari minne ya tofali, zilizofukiwa. Ukuta wa namna hiyo hata ungekuwa na nailoni, udongo umeshairuka.

Kama ni doa moja la mviringo, si mstari, tafuta bomba, bafu au karo. Funga koki zote za ndani usiku, soma mita kabla ya kulala na asubuhi; ikiwa imesogea, kuna bomba linavuja.

Nyumba za karibu kabisa na ziwa ni kesi nyingine. Ziwa Tanganyika lilipopanda miaka ya 2020 na 2021, maji ya chini ya ardhi yalipanda nalo. Huko mtaro hausaidii kitu wakati ziwa liko juu. Subiri lishuke, kisha utibu ukuta.

Tiba, kwa mpangilio huu na si mwingine:

Shusha udongo wa nje mpaka uwe sentimita 15 hadi 20 chini ya sakafu ya ndani, ukiulaza uelekee mbali na nyumba. Chimba mita moja moja, usifunue ukuta mzima kwa siku moja, wala usipite kitako cha msingi. Nyumba za zamani zina misingi mifupi ya mawe, na nimewahi kuitwa mahali ambapo kijana alichimba mtaro mzuri ulionyooka, ukuta ukamfuata.

Bandua lipu ya saruji hadi sentimita 30 au zaidi juu ya mstari wa unyevu. Chumvi ifagie kavu kwa brashi, uikusanye kwenye karai, ukaitupe mbali. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Kisha acha ukuta wazi. Hapa ndipo wenye nyumba wanapogombana nami. Ukuta uliolowa miaka kumi haukauki kwa wiki mbili. Mimi nabandua mwezi wa tano mvua zikikatika, narudi mwezi wa tisa. Kama mgeni anakuja, tundika kitenge.

Tofali zilizokwisha zitoe moja moja, mbili kwa wingi, upachike nzima zilizoloweshwa maji, na jointi ya juu ijazwe kwa mota (mchanganyiko wa kuunganishia tofali) kavukavu iliyoshindiliwa kwa kipande cha mbao. Ukiacha pengo pale juu, uzito wa ukuta hautashuka kwenye tofali jipya, utaning'inia mpaka ufa utokee.

Mwisho kabisa ndiyo lipu: ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, kwa tabaka nyembamba mbili au tatu. Upande wa nje unaopigwa na mvua natumia ndoo moja ya saruji, mbili za chokaa, tisa za mchanga. Juu yake paka chokaa, si rangi ya mafuta. Hata lipu hii ikija kuliwa na chumvi iliyobaki, imeliwa yenyewe badala ya tofali, na kuipiga upya ni kazi ya siku moja.

Uso wa tofali umemenyeka, lakini jointi zimesimama nje kama fremu

Ukiuona ukuta huu huhitaji kuuliza. Kuna mtu aliona udongo wa jointi umelika, akaja na saruji nzito akaziba. Mota imekuwa ngumu kuliko tofali. Maji hayapiti tena kwenye jointi, yanapita kwenye tofali, na chumvi inamenya tofali. Ukuta ukicheza kidogo kwa jua na mvua, jointi haikubali, kinachovunjika ni tofali. Mota inatakiwa iwe dhaifu kuliko tofali. Watu hushangaa nikisema hivyo, lakini jointi inazibwa upya kwa mwiko na chokaa. Tofali lililopasuka ni mpaka ulitoboe ukuta.

Toa saruji hiyo kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo. Mashine ya kukatia ni ya haraka, lakini mkono ukiteleza mara moja umekata kingo za tofali tatu. Kama saruji imeshikana na tofali kiasi kwamba kila pigo linatoa vyote viwili, iache ilivyo, ushughulikie sehemu zilizolegea tu. Chimba kina cha sentimita mbili hadi mbili na nusu, fagia vumbi, nyunyizia maji mpaka tofali liache kuyanywa kwa pupa, kisha jaza kwa kushindilia.

Chokaa ya mfuko iloweke kwenye pipa tangu jana yake, ikikaa wiki ni bora zaidi, inakuwa laini kama siagi. Kama umepata chokaa ya mawe iliyochomwa ambayo haijazimwa, mimina chokaa kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa. Inachemka na kurusha. Vaa miwani, watoto wakae mbali; jicho likiingiwa lioshwe kwa maji mengi papo hapo kabla ya safari ya hospitali.

Na vanishi ya kung'arisha matofali usiipake. Inaziba vitundu vilevile tunavyohangaika kuvifungua.

Nyufa

Mwenye nyumba huuliza ufa ni mpana kiasi gani. Mimi naanza na unakoelekea.

Ufa wa ngazi, unaofuata jointi kutoka kona ya dirisha kwenda chini kwenye kona ya nyumba, ni msingi umetitia. Angalia ulipo mpana. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, kona ya nyumba inakwenda chini. Ukiwa mpana chini, kilichozama ni katikati. Kisha uliza ni nini kiko karibu na hapo panapozama: shimo la choo la zamani lililofukiwa, maji ya bafu yanayomwagika palepale kila siku, mwembe. Ujiji haikosi miembe, na mwembe mkubwa hunywa maji ya udongo kiangazi, udongo ukanywea, masika ukavimba. Usiukate ghafla lakini. Udongo uliozoea kunyonywa ukiachiwa maji yote kwa mara moja unaweza kuinua msingi. Punguza matawi kwanza.

Ufa wa wima, mwembamba, upana uleule juu mpaka chini, mara nyingi ni ukuta mrefu uliokosa mwanya wa kutanukia, au ni chumba kilichoongezwa baadaye bila kufungamanishwa na ukuta wa zamani. Huo wa pili usiujaze saruji. Utafunguka palepale. Acha mshono uonekane, uzibe kwa kitu kinachovutika au ufunike kwa ubao.

Ufa wa umbo la paa juu ya mlango: lenta ya mbao, ile boriti inayobeba ukuta juu ya mlango, imeoza au imeliwa na mchwa. Usiguse tofali hata moja kabla ya kuegemeza kwa mirunda pande zote mbili. Ondoa mbao, weka lenta ya zege iliyokwisha kukomaa, ikalie ukuta angalau sentimita 15 kila upande.

Ufa wa kulala, kozi moja au mbili chini ya paa, ni kenchi zinasukuma kuta kwenda nje, au mbao zimelowa. Panda juu ukaangalie misumari ya bati kabla ya kugusa ukuta.

Halafu kuna nyufa ambazo wazee watakuambia tarehe yake. Tunaishi kando ya Bonde la Ufa, na jina halikutolewa bure. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika, na nyumba ambazo hazikuwa na lenta ya kuzunguka zilipata shida zaidi kuliko zilizofungwa. Ufa wa namna hiyo ulishasimama. Unaweza kushonwa.

Ila utajuaje umesimama? Paka kibandiko cha jipsamu juu ya ufa, ukubwa wa kiganja, uandike tarehe kwa penseli. Au pigilia misumari miwili, mmoja kila upande, upime umbali kwa milimita. Rudia kila mwezi, masika yote mpaka kiangazi. Kibandiko kikikatika, ukuta bado unatembea, na kila shilingi utakayoweka juu yake utaitoa tena. Kisipokatika, endelea: chini ya milimita moja ni rangi tu, hadi milimita tano jaza jointi na ubadilishe tofali zilizokatika, zaidi ya hapo shona. Kushona ni kuchimba jointi za kulala kina cha sentimita tatu au nne, kupitisha nondo ya milimita 6 inayovuka ufa kwa nusu mita kila upande, kila baada ya kozi nne, na kuifukia kwa mota. Ukifika upana wa milimita 15, au timazi ikionyesha ukuta wa sentimita 23 umeinama zaidi ya sentimita mbili na nusu, acha mwongozo huu, hamisha vitanda, tafuta mhandisi. Hapo hata mimi naogopa.

Nyumba za bloku

Hizi ni changa, lakini zinazeeka haraka. Lipu yenye vijiufa kama utando wa buibui ilikaushwa na jua kabla haijashika. Haina hatari, isipokuwa ikigongwa inalia tupu. Bloku inayotoa mchanga ukiikwaruza kwa msumari ilifyatuliwa kwa saruji ya kuhesabu na haikumwagiwa maji. Hiyo haina dawa ya kuirudishia nguvu. Iokoe kwa paa pana, gata na lipu nzuri, au badilisha zile za kozi za chini zinazobeba mzigo.

Mchanga wenyewe upime kabla ya kuulipia. Jaza chupa ya plastiki nusu mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache masaa matatu. Tope litatua juu ya mchanga. Likizidi kama sehemu moja ya kumi na mbili ya mchanga wote, mwambie mwenye lori ageuze.

Msingi wa mawe na mchwa

Mawe ya vilima vya hapa ni magumu, ni nadra kuyakuta yameoza. Kinachopotea ni udongo kati yake. Chokonoa, osha, jaza mota pamoja na vipande vidogo vya mawe, maana pengo kubwa likijazwa mota tupu linanywea na kuachia.

Mchwa wanapenda jointi za udongo zenye unyevu. Vunja njia zao uone kama kesho wamezijenga upya. Wakijenga, kuna maji karibu. Rudi juu kwenye lipu ya chini, usome tena.

Baada ya kazi

Kazi ya chokaa haipendi jua kali wala mvua ya moja kwa moja. Tundika magunia yaliyoloweshwa kuanzia jioni ileile, uyanyunyizie asubuhi na jioni kwa siku saba. Watoto wa nyumbani wanaifanya vizuri kazi hii ukiwapa chupa yenye matundu kwenye kifuniko. Siku ya nane vua magunia, chukua sarafu, anza kona ya mlango ukigonga kila hatua ya mkono mpaka umezunguka chumba. Panapolia tupu, weka alama ya mkaa, uniite kabla sijalipwa salio.